Mama Yuko Zamu: Mwongozo Kamili wa Kulea Familia Ukiwa Kwenye Gari la Wagonjwa

Binti yangu alikuwa na miaka 6 alipomwambia mwalimu wake kwamba mama yake "anakaa kazini, halafu anakuja nyumbani kututembelea". Mwalimu alinisimulia kwa nia njema kabisa. Nilipanda bajaji nikalia hadi nikashuka.

Mimi ni muuguzi. Huu ni mwaka wa 11 napanda gari la wagonjwa mkoani Pwani, kwenye Barabara ya Morogoro, ambako malori, mabasi na bodaboda hupishana usiku kucha. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna watoto 2, na mama mkwe huja kukaa nasi miezi kadhaa kila mwaka. Ninayoyaandika hapa tumeyajaribu ndani ya nyumba hii, na mengine nimeyachukua kwa wenzangu: madereva, matabibu, wapokea simu, na wale madereva wa jamii wanaoitwa usiku kubeba wajawazito chini ya mfumo wa M-Mama. Hao mara nyingi tunawasahau, na familia zao zinaamshwa kama zetu.

Kuna jambo nililielewa kwa kuchelewa. Familia inaweza kuzoea mtu asipokuwepo. Wavuvi wanalala baharini, madereva wa malori wanakwenda Tunduma na kurudi, na watoto wao wanakua vizuri. Kinachoiumiza familia yetu ni kutokujua: atarudi saa ngapi, na akirudi atakuwa katika hali gani. Karibu kila hatua hapa chini inashughulikia mambo hayo mawili.

Hatua ya 1: Jua saa unazofika nyumbani kweli

Kabla hujabadilisha chochote, nunua daftari dogo. Kwa wiki 4, kila zamu andika mambo matatu: rosta inasema unatoka saa ngapi, umekabidhi zamu saa ngapi, na umeingia mlangoni kwako saa ngapi. Usikadirie. Andika ukiwa umesimama mlangoni.

Nilikuwa nawaambia watu natoka saa 2 asubuhi. Daftari la mwezi wa kwanza lilionyesha kwamba katika zamu 14, ni 3 tu nilizofika nyumbani kabla ya saa 3 na nusu. Unazijua sababu. Simu inaingia saa 1 na dakika 40, mgonjwa ni wa rufaa ya Muhimbili, foleni ya Mbezi hadi Ubungo inawakamata hata mkipiga king'ora. Mkirudi, machela haijafutwa, mtungi wa oksijeni haujabadilishwa, fomu hazijajazwa, na timu inayopokea inataka kusikia kila kitu kutoka kinywani mwako.

Sasa chukua siku mbaya za kawaida (achana na ile moja mbaya kupita zote) na upange maisha ya nyumbani kwa saa hizo. Nani anampeleka mtoto shule, nani anapokea gesi, lini unaenda kliniki. Sisi tulikuwa tumepanga kila kitu kwa kufuata rosta, kwa hiyo karibu kila asubuhi ilianza na mtu amechelewa na mtu mwingine amekasirika. Tulipohamisha jukumu la shule kwa baba watoto moja kwa moja, hata siku ambazo ningeweza kuwahi, ugomvi wa asubuhi uliisha ndani ya wiki ya kwanza.

Hatua ya 2: Kalenda iliyotundikwa chini

Mwisho wa mwaka maduka mengi hugawa kalenda. Tafuta yenye miraba mikubwa, uitundike usawa wa kifua cha mtoto wako mdogo. Rosta ikitoka, kaeni sakafuni na kalamu za rangi. Kwetu bluu ni zamu ya mchana, nyekundu ni zamu ya usiku, kijani mama yupo.

Rangi ya nne ndiyo iliyotuokoa: kahawia, siku ya kulala. Ni ile siku inayofuata usiku wa kazi, ambayo kwenye rosta inaonekana kama mapumziko. Zamani niliihesabu kuwa siku ya familia. Mtoto anasikia kwamba leo mama hana kazi, anaona viatu vyangu viko mlangoni, lakini chumba kimefungwa na akigonga anafukuzwa. Kwake hiyo ni mbaya kuliko zamu yenyewe, maana mama yupo na hamtaki. Tulipoipa siku hiyo rangi yake, akaacha kugonga. Siku moja nikamsikia akimweleza mdogo wake kwa sauti ya chini, "Leo ni kahawia, tucheze nyuma."

Kila jioni mtoto anaikata siku iliyoisha kwa kalamu. Zamu ikibadilishwa ghafla, piga simu, umwombe mtoto mwenyewe abadilishe rangi. Habari hiyo aipate kwako. Ukimwachia mwenza wako kazi ya kuieleza kila mara, atakuwa yeye ndiye mleta habari mbaya wa nyumba.

Hatua ya 3: Acha kuahidi saa

"Saa 12 jioni nitakuwa nimefika, tutakula pamoja." Usiseme tena maneno hayo, hata siku ambayo una uhakika. Ajali ya Mlandizi haijui ulichoahidi.

Ahidi kitu ambacho kuchelewa hakukifuti. "Nikirudi, hata ukiwa umelala, nitakuja kukushika kichwa." "Siku ya kijani nitakusuka." Mimi humtumia binti yangu ujumbe wa sauti kila usiku wa kazi, nao naurekodi mwanzoni mwa zamu, wakati nakagua droo za dawa kabla simu hazijaanza. Baba yake anamfungulia ausikilize wakati wa kulala. Ningesubiri hadi saa 3 usiku nipate nafasi, usiku mwingi asingeupata.

Kwa mwenza, wekeni ujumbe mfupi uliohifadhiwa tayari kwenye simu, ambao unautuma kwa kubofya mara moja. Sisi tuna minne:

- Nimekabidhi, natoka.
- Nimepata safari, ongezeni saa 3.
- Kuleni, msinisubiri.
- Niko salama. Tukio kubwa. Fuateni karatasi (naieleza Hatua ya 4).

Huo wa nne tuliuongeza baada ya Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, na majeruhi wakasafirishwa hadi Muhimbili. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hakuna anayepata muda wa kueleza, na nyumbani wanaangalia picha kwenye simu wakijua wewe uko huko. Maneno "niko salama" yatangulie kila kitu.

Dereva asiandike ujumbe akiwa kwenye usukani. Kwenye gari letu mimi namwandikia mke wake: "Shemeji, tumepata safari ya Muhimbili, tuko salama." Naye ana namba ya mume wangu.

Hatua ya 4: Karatasi ya mlangoni na watu watatu

Nyuma ya mlango wa jikoni tumebandika karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Ina namba za watu 3 wanaoweza kuja kwa mpangilio, jina la zahanati ya karibu, mahali ilipo kadi ya bima na kadi ya kliniki, dawa ambayo haipatani na mwanangu, na kipimo cha dawa ya homa kwa uzito wa kila mtoto, kwa mwandiko wangu. Kipimo hicho kihakiki upya mtoto anapoongezeka kilo. Chini kuna namba: 112 polisi, 114 zimamoto, 115 dharura za wajawazito na watoto wachanga. Kando kuna bahasha yenye nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Ukiitumia, irudishe siku hiyohiyo.

Watu watatu wawe wa aina tofauti. Wa kwanza ni anayelala ndani ya nyumba, wa pili anayeweza kufika kwa miguu ndani ya dakika 10, wa tatu anayeweza kuja kukaa siku 2 au 3. Kwetu ni dada wa kazi, mama wa nyumba ya pili, na wifi yangu wa Mlandizi. Waombe kabla ya shida, tena kwa kwenda kwao na kitu mkononi. Jirani yangu nampimia presha kila Jumapili na kumsaidia kufuatilia dawa zake. Sikumwambia kwamba ni malipo, lakini wote tunajua tunategemeana.

Kuhusu dada wa kazi nina neno. Anayelala na watoto wako usiku 7 kwa mwezi anafanya zamu kama yako. Mlipe kwa wakati, mpe siku yake ya kupumzika isiyoguswa, na umfundishe vitu vitatu kwa vitendo: mtoto aliyepaliwa, mtoto mwenye degedege, na moto wa jikoni. Mimi nilimfundisha kwa mto na mwanasesere, tukarudia hadi akaweza bila kuniangalia. Tangu siku hiyo ninaondoka usiku nikiwa na amani.

Hatua ya 5: Namna ya kuingia nyumbani

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilikosea zaidi.

Asubuhi moja nilirudi, nimeoga kazini, nimebadilisha nguo. Mwanangu alikaa mapajani akaanza kuchezea saa yangu. Akauliza, "Mama, hii ni nini nyekundu?" Chini ya mkanda, kwenye tundu la kifungo, damu ya mtu ilikuwa imekauka. Alikuwa ameigusa na ukucha. Saa hiyo sikuivaa tena kazini, na tangu siku hiyo utaratibu ni huu.

Saa, pete, kamba ya kitambulisho na kalamu vinabaki kwenye kabati la kazi. Simu inafutwa kwa spiriti pamoja na kava lake, kava likiwa limetolewa. Viatu vya kazi haviingii ndani ya gari la familia wala ndani ya nyumba. Kama kazini kuna sehemu ya kufulia, sare zifuliwe huko. Ombeni hilo kama timu, si kwa mtu mmoja mmoja. Kama hakuna, sare inasafiri kwenye mfuko uliofungwa na inafuliwa na mwenye sare, peke yake, kwenye ndoo ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Usimwachie dada.

Doa la damu lianze na maji baridi, kwa sababu maji ya moto huligandisha kwenye uzi. Fua kwa sabuni, suuza, kisha loweka nusu saa kwenye maji ya klorini. Kwa dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo cha nguo ni sehemu 1 kwa sehemu 69 za maji, yaani kama mililita 150 kwenye ndoo ya lita 10. Vaa glavu, kaa penye hewa, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi.

Dereva wa jamii, gari lako asubuhi linabeba watoto wako kwenda shule. Tandika nailoni nene kwenye kiti cha nyuma kabla ya kumchukua mama. Ukirudi, vaa glavu, futa damu au maji ya uzazi kwa kitambaa cha kutupa, kisha paka klorini ya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, subiri dakika 10, futa kwa maji safi. Acha milango wazi hadi harufu iishe.

Sasa mwili umeingia, lakini akili bado iko barabarani. Nilikuwa nikifika tu naulizwa kuhusu ada, maharage yameungua, mtoto amempiga mwenzake, na mimi dakika 40 zilizopita nilikuwa nimeshika mkono wa mtu anayekufa. Nilijibu kwa ukali vitu vidogo. Tukakubaliana juu ya mkeka. Nikifika natandika mkeka barazani, nakaa na kikombe cha chai, na hakuna anayeniletea jambo hadi niunyanyue. Ni dakika 15 hadi 20.

Mama mkwe hakulipenda. Aliniambia, "Mwanangu, mtu akirudi nyumbani watoto wasimsalimie? Huo ni utaratibu wa wapi?" Alikuwa na haki. Tukarekebisha: watoto wanakuja, "Shikamoo mama," naitikia, nawashika vichwa, wanapokea mfuko, ndipo nakaa mkekani. Salamu kwanza, kimya baadaye. Na yeye mwenyewe siku hizi ndiye anayewaambia wageni wanisubiri.

Hatua ya 6: Linda usingizi kama unavyolinda dawa za hatari

Nyumba ya bati saa 6 mchana haifai kulala. Kama una uwezo wa kutengeneza chumba kimoja tu, weka dari na pazia zito kwenye kile unacholalia mchana, na kitanda kiwe upande usiopigwa na jua la asubuhi. Feni inasaidia mara mbili: inapoza, na mlio wake unafunika honi ya muuza samaki na kinu cha jirani. Kitambaa cheusi machoni, simu nje ya chumba mikononi mwa mtu mzima mmoja anayejua ni nani tu anaruhusiwa kukuamsha.

Kabla ya usiku wa kwanza, lala kama saa moja na nusu alasiri. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri mwili huwa kwenye kiwango chake cha chini kabisa. Hapo ndipo mtu anakosea kipimo cha dawa na dereva anasinzia, kwa hiyo zungumzeni ndani ya gari, msiachiane kimya. Chai kali au kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 9. Baada ya usiku wa mwisho wa mzunguko usilale mchana wote: lala kwa muda wa saa 2 au 3, amka, kaa na watu, kisha lala mapema usiku pamoja na nyumba. Nilipolala hadi jioni, nilikuwa nimepoteza na siku ya kijani iliyofuata.

Usijiendeshe mwenyewe ukitoka usiku, hasa pikipiki. Mtu aliyekesha saa 17 hadi 19 mfululizo, kwa vipimo, anaendesha vibaya kama mtu aliyekunywa pombe. Sisi tunaookota wengine barabarani tunalijua hilo kuliko yeyote, na bado tunapanda. Panda daladala, hata kama nauli inauma.

Hatua ya 7: Mwenza, wivu, na yale yanayosemwa

Semina za kazini hazigusi jambo hili, nami nitaligusa. Mwanamke na mwanamume ndani ya gari moja saa 8 usiku, simu haipokelewi, na asubuhi mtu anarudi hataki kuongea. Ndoa nyingi za kazi yetu zimeyumba hapo, mara nyingi bila kosa lolote kufanyika.

Usimkasirikie mwenza kwa kuhofia. Ondoa giza. Mlete dereva wako nyumbani na mkewe, wanywe chai, watoto wafahamiane. Mpeleke mwenza kituoni mchana mmoja aone benchi mnalokalia, aone ndani ya gari, aone kwamba ukiwa umeinama juu ya mgonjwa hakuna mkono wa kushika simu. Mume wangu alipanda nyuma, akakaa pale ninapokaa, akauliza unashikilia wapi gari likikata kona. Nikamwonyesha. Hakuniuliza tena kwa nini sikupokea.

Kuhusu kusimulia: jina la mgonjwa, mtaa wake na ugonjwa wake havivuki mlango. Ni wajibu wa taaluma, na kwenye mji mdogo ni pia usalama wako, maana mama mkwe anasali na shangazi wa mgonjwa. Lakini usifunge mdomo kabisa. Sisi tunatumia sentensi mbili. "Leo tulimbeba mtoto. Hakufika." Inatosha kumwambia mwenza kwa nini uko ulivyo. Anachotakiwa kujibu ni swali moja tu: "Nikae na wewe au nikuache?" Tulikubaliana hivyo siku tulivu, tukiwa tunamenya viazi. Usingoje siku mbaya ndipo mpange.

Kama nyote wawili mko kwenye kazi za zamu, mwombe inchaji, yaani msimamizi anayepanga rosta, mapema ili nyote wawili msiwe kazini usiku uleule. Mwombeni kwa barua fupi yenye umri wa watoto. Inchaji wengi hukubali jambo lililoandikwa na lililokuja kabla rosta haijapangwa.

Hatua ya 8: Rosta, sheria na sikukuu

Weka daftari la madeni ya zamu. Umemshikia nani, lini, nani anakudai. Mtu anayelipa deni la zamu bila kukumbushwa hapati shida siku mtoto wake anapolazwa. Usiombe kubadilishiwa kila wiki kwa mambo madogo. Akiba hiyo ihifadhi kwa graduesheni, ndoa ya mdogo wako, mtihani wa darasa la saba.

Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Machache yanayotuhusu moja kwa moja: mjamzito asilazimishwe kufanya kazi usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari; vivyo hivyo miezi 2 baada ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja. Anayenyonyesha anapewa muda wa hadi saa 2 kwa siku kumnyonyesha mtoto. Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na saa hizo zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mtoto akiugua au kufiwa kunapotokea, zipo siku 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo. Mapumziko kati ya zamu na zamu ni saa 12, ingawa sheria hiyohiyo inatoa nafasi kwa kazi za dharura, kwa hiyo usigombe na inchaji katikati ya tukio. Andika saa zako na uzidai baadaye. Aliye serikalini aangalie pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma.

Niliwahi kupangiwa usiku nikiwa na ujauzito wa miezi 8, mahali nilipokuwa zamani. Sikujua kifungu, nikaingia. Usiku huo tulibeba mzee mzito kutoka ghorofa ya 3. Ningekuwa nimesoma ukurasa mmoja tu ningejitetea.

Sikukuu ndiyo sehemu ninayoipenda ya kazi hii. Wakristo tunashika Idi, Waislamu wanashika Krismasi na Pasaka. Haijaandikwa popote, na katika vituo vingi inafanyika hivyo. Mwandamo ukichelewa na Idi ikasogea siku moja, tumejipanga siku zote mbili. Ikitokea bado umeangukia zamu siku ya sikukuu yako, hamishieni sikukuu siku ya kijani inayofuata, na iwe kamili: nguo mpya zisivaliwe kabla, pilau isipikwe kabla. Watoto hawajali tarehe. Wanajali kama walisherehekea nusu bila wewe.

Hatua ya 9: Pesa za safari

Kwa ufupi: panga nyumba kwa mshahara. Posho za safari na za kazi za ziada huchelewa, na ukiziweka kwenye ada ya muhula, utajikuta unaomba kila zamu ya ziada kuziba pengo, na zamu hizo ndizo zinazokutoa nyumbani. Posho ikiingia, iende kwenye kikoba au kwenye kitu kinachopunguza uchovu: feni, mashine ya kufulia ya mtumba, dari ya kile chumba. Mimi na mke wa dereva wetu tuko kikoba kimoja.

Hatua ya 10: Ukianza kuileta barabara nyumbani

Miaka michache iliyopita tulimbeba msichana wa shule aliyegongwa akivuka. Shati jeupe, sketi ya bluu. Baada ya hapo sikuweza kumwona binti yangu akivaa sare yake. Nikamkataza kuvuka barabara hata akiwa ameshikwa mkono. Nikamkataza bodaboda, baiskeli, kupanda mwembe. Nilidhani namlinda. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mama, mtoto anaanza kuogopa nje."

Tenganisha kanuni na hofu. Kanuni ina sababu moja iliyo wazi na inamfundisha mtoto kufanya kitu: kofia ngumu kila anapopanda bodaboda, kuangalia pande zote mbili, kutosimama nyuma ya lori linalorudi nyuma. Hofu inakataza tu. Nikiwa nataka kukataza, sasa hujiuliza ningemfundisha nini badala yake.

Na jiangalie. Tukio linajirudia kichwani bila kuitwa, unakwepa njia fulani, unakunywa ili ulale, mtoto anakukumbatia na huhisi kitu, watu wa nyumbani wanasoma uso wako kabla ya kuongea. Likipita siku chache kisha likapungua, ni mwili unamaliza kazi yake. Likiendelea zaidi ya mwezi, au likikuzuia kufanya kazi au kulea, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ukiona aibu ya wenzako, nenda hospitali nyingine. Mimi nilifanya hivyo, nikianzia kwa afisa ustawi wa jamii aliyenielekeza. Likija wazo la kutaka kufa, mwambie mtu leo na uende leo, usisubiri zamu iishe.

Kila miezi 3, siku ya kijani, tunakaa sakafuni chini ya ile kalenda na kila mtu anataja jambo moja la kubadilisha. Dada wa kazi naye anasema. Mara ya mwisho mwanangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka 4, aliomba mfuko wangu wa kazi usikae karibu na mlango, kwa sababu akiuona pale hajui kama naingia au natoka. Tumepigilia msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Mfuko unakaa hapo, na siku ya zamu yeye ndiye anayeniletea.